Niliandika 0666, nikapata 0644

Programu zangu mbili zilikuwa zinaandika kwenye faili moja la Linux. Ya kwanza inaendeshwa na root, akaunti yenye mamlaka yote. Ya pili ni ya wavuti, chini ya www-data, akaunti ya kawaida ya seva ya wavuti. Ili zipishane bila kugongana nikaziwekea semafori, yaani namba ya pamoja ya kupeana zamu (O_CREAT ni "iunde kama haipo", 1 ni namba ya kuanzia):

sem_open("/foleni", O_CREAT, 0666, 1);

0666 maana yake yeyote asome na aandike. Lakini programu ya wavuti kila ikibisha hodi inajibiwa EACCES, yaani huna ruhusa. Nikaukagua msimbo mstari kwa mstari, kumbe jibu liko kwenye folda. glibc, maktaba ya C ya Linux, huiweka semafori yenye jina ndani ya /dev/shm, kama faili:

-rw-r--r-- 1 root root 32 sem.foleni

Hiyo ni 0644: mwenyewe asome na aandike, wengine wasome tu. Aliyezila biti zangu za ruhusa ni umask, kichujio cha ruhusa cha programu: ilikuwa 022, yaani kundi na wengine wanyimwe kuandika, na ruhusa unayoomba huchujwa nayo kwanza, ndipo faili liundwe. Kile kibali cha kusoma kilichobaki hakifai kitu. Kusubiri zamu ni kupunguza namba iliyomo, na kupunguza ni kuandika. Ndiyo maana sem_open hudai vyote viwili, kusoma na kuandika.

Nikaweka umask(0) kabla ya sem_open, nikawasha upya. EACCES ileile! Hapa nilijicheka. Semafori ikiwa ipo tayari, O_CREAT haiundi nyingine na 0666 yako haiangaliwi kabisa. Ile ya zamani ilikuwa imejikalia palepale, maana haiondoki mpaka uite sem_unlink (kuifuta) au mashine izimwe.

Nilipoifuta, mambo yakaenda. Ila 0666 sikuiacha. Semafori haina kumbukumbu ya nani kaishika: akaunti yoyote kwenye mashine ingeweza kuita sem_wait (kuchukua zamu) ikaondoka zake, programu zangu zikabaki zimeduwaa, au ikaita sem_post (kurudisha zamu) bila zamu, zote mbili zikaingia kwa pamoja. Bora kundi. Nikaunda kundi la foleni, nikamtia www-data humo, na programu ya root ikawa inaita setegid (kubadili kundi lake) kwenda kundi hilo kabla ya sem_open, ruhusa 0660 (mwenyewe na kundi tu), umask 007. (Programu ya wavuti iwashwe upya pia, orodha ya makundi yake huipata inapoanza tu.)

-rw-rw---- 1 root foleni 32 sem.foleni