Paneli tupu si ushahidi kwamba mradi hauna makosa

"Hakuna mstari mwekundu, basi mradi mzima uko safi."

Dhana hii ndiyo inayowaponza wengi. Katika kihariri cha msimbo cha Visual Studio Code, ukiandika TypeScript (JavaScript iliyoongezewa aina za data), paneli ya matatizo kwa kawaida huonyesha makosa ya mafaili uliyoyafungua tu. Tuseme kitendakazi hesabuJumla kilikuwa kinapokea thamani mbili, nawe umekiongezea ya tatu ambayo ni ya lazima. Mafaili mengine yanayokiita yamefungwa, kwa hiyo paneli imenyamaza. Fungua mojawapo na papo hapo rangi nyekundu inajitokeza. Kosa lilikuwepo tangu ulipobadilisha kitendakazi. Hakuna aliyelitazama, basi. Kihariri hufanya hivyo ili kisilemee kumbukumbu na prosesa, na kwa kweli sikilaumu.

Njia ya uhakika ni kwenda kwenye terminali, ndani ya folda ya mradi, na kuendesha tsc --noEmit. Hiyo tsc ndiyo kompaila ya TypeScript, nayo itapitia mafaili yote yanayohusishwa na tsconfig.json, faili la mipangilio ya mradi, bila kuzalisha faili lolote la JavaScript. Hapo napo soma vizuri kilichoandikwa chini ya include na exclude, maana faili lililoachwa nje, na ambalo hakuna faili lingine linaloliingiza, halikaguliwi. Kwa wanaotumia Pylance, kiendelezi cha kihariri hichohicho, kuandika Python, mpangilio wa python.analysis.diagnosticMode huwa openFilesOnly. Ubadilishe uwe workspace ili mradi mzima ukaguliwe. Mradi ukiwa mkubwa utaona mashine ikizidiwa, hivyo wengine huacha mpangilio ulivyo na kuendesha ukaguzi wa mradi mzima pale tu wanapotaka kukabidhi kazi. Kwenye Go kuna go vet ./..., na kwenye Rust kuna cargo check.

"Programu imejengeka bila tatizo, kwa hiyo aina za data ziko sawa."

Inategemea kilichoijenga. Zana ya kujenga iitwayo esbuild huondoa maelezo ya aina za TypeScript bila kuyakagua, na nyingine iitwayo Vite nayo hugeuza msimbo bila kukagua aina. Ujenzi unaweza kupita salama huku tsc ikiwa na malalamiko tele. Ndiyo maana inafaa amri ya ukaguzi iwekwe kabla ya amri ya kujenga, kwenye hati ileile ya amri (script).

"Makosa 200 ni kazi ya wiki nzima."

Mara nyingi si kweli. Mabano yaliyosahaulika mahali pamoja huivuruga kompaila hadi mwisho wa faili. Rekebisha kosa la kwanza, kagua upya, ndipo uanze kuhofu.

"Kompaila ikiridhika, kikagua msimbo (linter) hakina kazi."

Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs aliandika lint, programu ya kunusa mambo ya kutiliwa shaka katika msimbo wa C ambayo kompaila iliyapitisha. ESLint na wenzake wanaendeleza kazi hiyohiyo: kigeu kisichotumika, ahadi (promise) isiyosubiriwa, sharti ambalo ni kweli daima. Kwa TypeScript wanaweza pia kukutajia kila mahali palipoandikwa any, neno linaloifumba kompaila macho.

Hata hivyo, ukiandika kutoa mahali pa kujumlisha, zana hizi zote zitapita kimya. Jumla isiyo sahihi bado ni namba, na aina yake haina kasoro. Hapo linalohitajika ni jaribio linaloipa hesabuJumla thamani 2, 3 na 5, kisha linadai jibu liwe 10.