Kuzuia barabara si kufunga msitu

Wengi hudhani kanuni ya mwaka 2001 inayozuia barabara mpya katika misitu ya taifa ya Marekani imewafungia watu nje. Sivyo. Ndani ya hekta milioni 24 hivi ilizogusa mwanzoni watu bado wanawinda, wanavua, wanapiga kambi, hata kuchunga ng'ombe. Kinachozuiwa ni kuchonga barabara mpya na kuvuna magogo, tena kwa vighairi: moto au mafuriko yakitishia maisha, barabara inaruhusiwa. Anayenufaika hasa ni mnyama kama dubu wa grizzly. Barabara humletea bunduki mlangoni, na dubu wengi wanaouawa na binadamu huuawa karibu na barabara.

Wanaoiita kanuni hiyo sheria ya Bunge nao wamekosea. Ni kanuni ya Wizara ya Kilimo, ndiyo maana mwaka 2025 waziri alitangaza nia ya kuifuta bila kusubiri wabunge.