Soma kasma kabla ya hotuba: fedha za kupeleka watu mwezini

Ahadi ya kutua mwezini mwaka 2024 ilikufa Desemba 2020, kwenye kasma moja, yaani mstari mmoja wa bajeti. Machi 2019 Makamu wa Rais wa Marekani, Mike Pence, alisimama Huntsville, Alabama, akatangaza kuwa Wamarekani watatua mwezini ndani ya miaka mitano. Kutua kunahitaji chombo cha kutulia, na hakikuwepo. Kwa mwaka wa fedha 2021 NASA, shirika la anga la Marekani, wakaomba takriban dola bilioni 3.3 za kukitengeneza. Bunge la Marekani likatoa milioni 850.

Matokeo yalionekana Aprili 2021. NASA walikusudia kuchukua wakandarasi wawili, mmoja akikwama mwingine aendelee. Wakaishia kuipa kampuni ya SpaceX peke yake, kwa dola bilioni 2.89, na hata hapo ratiba ya malipo ilibidi ipangwe upya ili itoshe kwenye ukomo wa bajeti. Waliokosa zabuni wakakata rufaa, kazi ikasimama kwa miezi kadhaa. Mchumi yeyote wa halmashauri, awe Rungwe, Makete au Mufindi, anaifahamu hali hii: mradi umo kwenye mpango, madiwani wameupitisha, fedha haijaingia.

Mwaka wa fedha wa Marekani unaanza Oktoba 1. Kisheria Rais hupeleka maombi yake Jumatatu ya kwanza ya Februari, ingawa kuchelewa ni jambo la kawaida. Na hayo ni maombi tu. Hapa kwetu Tanzania Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais nafasi ya kulivunja, kwa hiyo kinachosomwa Dodoma mwezi Juni kwa sehemu kubwa ndicho kinachopita. Kule Rais hana rungu hilo. Bunge linaweza kufuta kasma aliyoiomba, au likaweka fedha kwenye kitu alichotaka kife, na yeye akabaki na kura ya turufu ya sheria nzima.

Tena sheria zenyewe ni mbili. Moja inatoa ruhusa na mwelekeo: NASA ijenge roketi fulani, iende mahali fulani. Nyingine ndiyo inayotoa hela. Waandishi wengi wa habari huishia kwenye ile ya kwanza wakatangaza kuwa safari imeiva. Ile ya pili inapita kwenye kamati ndogo inayogawa pia fedha za Wizara ya Biashara na Wizara ya Sheria. Ukomo wa kamati hiyo ukishawekwa, roketi ya mwezini inagombea shilingi ileile na FBI, magereza ya serikali kuu, sensa na utabiri wa hali ya hewa. Haishindani na jeshi, kwa sababu jeshi liko kwenye kapu jingine kabisa.

Bajeti isipopita kabla ya Oktoba 1, Bunge hupitisha sheria ya muda. Matumizi yanaendelea kwa kiwango cha mwaka uliopita, na kwa kawaida kazi mpya haziruhusiwi kuanza. Ofisi inayolipa mishahara na umeme haitikisiki sana. Mradi uliokuwa utoke kwenye michoro uingie kiwandani ndio unaoumia, kwa sababu mahitaji yake mwaka huo ni mara mbili au tatu ya mwaka jana.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na ningependa tupige hesabu pamoja. Chukua roketi ambayo kazi yake halisi ni bilioni 8. Juu yake kuna gharama za kudumu: mafundi, mitambo ya majaribio, ulinzi, majengo. Tuseme ni bilioni 1 kila mwaka, kazi ifanyike isifanyike. Ukitoa bilioni 3 kwa mwaka, bilioni 2 zinaingia kwenye kazi, unamaliza miaka minne kwa jumla ya bilioni 12. Sasa mbunge anayejiona mbana matumizi anakata theluthi moja: bilioni 2 kwa mwaka. Gharama za kudumu hazikatiki, kwa hiyo kazi inapata bilioni 1 tu. Unamaliza miaka minane, kwa bilioni 16. Amekata theluthi ya fedha ya mwaka, muda umekuwa maradufu na gharama imepanda kwa theluthi, kabla hujagusa mfumuko wa bei. Kisha ripoti ya ukaguzi inatoka, mradi unaitwa mbovu, na unakatwa tena.

Apollo, programu iliyowafikisha watu mwezini mara ya kwanza, ilipona kwa sababu ilipewa mlima wa fedha mapema. Mwaka 1966 NASA ilikuwa inakula takriban asilimia 4.4 ya bajeti ya serikali kuu. Siku hizi haifiki hata nusu ya asilimia moja. Lakini angalia tarehe. Fedha zilianza kushuka kabla mtu hajakanyaga mwezi Julai 1969, na Agosti 1968 uamuzi wa kutounda roketi zake za Saturn V zaidi ya 15 ulikuwa umeshatoka. Safari za mwisho zikafutwa mwaka 1970, watu bado wanashangilia.

Baada ya hapo hadithi inajirudia. Bush baba alitangaza mwezi na Mars mwaka 1989, makadirio yakafika takriban dola bilioni 500, Bunge halikutaka hata kuyasikia. Kituo cha anga alichokitangaza Reagan mwaka 1984 kilichorwa na kuchorwa upya hadi Juni 1993, kilipoponea Baraza la Wawakilishi la Marekani kwa kura 216 dhidi ya 215. Kura moja! Constellation, programu ya Bush mwana ya kurudi mwezini, iliombewa kufutwa Februari 2010, ikiwa imeshameza takriban dola bilioni 9. Mwaka huohuo wabunge wakaandika kwenye sheria roketi kubwa ya SLS na Orion, chombo cha kubeba wanaanga, wakasisitiza mikataba na viwanda vya zamani vitumike pale inapowezekana.

Sababu ni ajira. Roketi inasimamiwa Huntsville, inaungwa New Orleans, injini zinajaribiwa Mississippi, inarushwa Florida, wanaanga wanaongozwa kutoka Houston. Ulaya wamelifanya jambo hilo kuwa kanuni ya wazi: nchi mwanachama wa ESA, shirika la anga la Ulaya, inayochangia hurudishiwa kazi za viwandani kwa kadiri ya mchango wake. Ni mfumo wa gharama kubwa. Mkaguzi wa ndani wa NASA alikadiria dola bilioni 4.1 kwa kila mruko wa SLS na Orion katika minne ya kwanza, na mimi naona bei hiyo haivumiliki kwa muda mrefu. Hata hivyo mradi uliosambaa majimbo mengi una wabunge wengi wa kuupigania, na bila hao ungeshaisha.

Mwaka 2025 ulilionyesha hilo waziwazi. Ombi la Rais lilikuwa dola bilioni 18.8, pungufu ya takriban asilimia 24, likitaka SLS na Orion vikome baada ya safari ya tatu na Gateway, kituo cha kuzunguka mwezi, kifutwe. Julai ileile Bunge likaongeza karibu bilioni 10 kwenye sheria nyingine kabisa, ya kodi na matumizi: bilioni 4.1 za SLS kwa safari ya nne na ya tano, bilioni 2.6 za Gateway. Aliyesoma ombi peke yake alishaizika roketi.

Kwa hiyo ahadi mpya ikitangazwa, fungua kitabu cha maombi ya bajeti ya NASA, tafuta makadirio ya miaka inayofuata. Safari za watu ziko zaidi kwenye kasma mbili, ya uchunguzi wa anga za mbali na ya uendeshaji angani. Kama miaka yote imeandikwa namba inayokaribiana, na chombo kinatakiwa kiundwe kuanzia mwanzo ndani ya miaka hiyohiyo, tarehe iliyotajwa kwenye hotuba haina fedha. Kisha linganisha ombi la chombo cha kutua na kilichopitishwa mwaka uliotangulia. Pengo likizidi nusu, hesabu mwaka mwingine umeshapotea.