Kumfungia mlevi ndani si tiba

Wiki hii tena ndugu wa mgonjwa wamenieleza kwamba walimfungia chumbani asinywe, na sasa amechanganyikiwa. Wakaongeza hoja ileile ya siku zote: mbona wakati wa korona walevi waliacha wenyewe walipokosa hela? Nimeichoka hoja hii kwa sababu inaua watu.

Tanzania hatukufungiwa majumbani, sawa. Lakini Kigoma inakula kwa Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo. Nchi hiyo ilipotangaza hali ya dharura tarehe 24 Machi 2020, mipaka ikabaki wazi kwa mizigo tu. Mama anayevuka na vitenge vyake ni abiria, si mzigo. Hela ikakauka.

Waliokuwa wakinywa na wenzao mwisho wa wiki wakapunguza, na wengine hawakurudia tena. Hao ndio mnaowatolea mfano, nami sibishi. Anayeamka na gongo ili mikono itulie ni habari nyingine kabisa. Pombe ni breki, na ubongo wake umejifunza kukanyaga mafuta muda wote ili kushindana nayo. Ukiitoa ghafla, mafuta yanabaki yamekanyagwa.

Arosto ya pombe, yaani mwili kuidai baada ya kuikosa, huanza na kutetemeka na jasho siku ileile. Ndani ya saa 48 anaweza kuanguka kifafa. Kuweweseka kunakuja siku ya pili hadi ya nne, wakati familia inashukuru Mungu kwamba ameshinda. Mvuvi anakaa kitandani anavuta nyavu zisizokuwepo, mkono baada ya mkono, anamgombeza mwenzake wa mtumbwini, shuka limelowa, moyo unakimbia. Nyumbani wanasema ni mashetani ya ziwani, na siku mbili zinaishia kwa mganga.

Kerala, India, maduka ya pombe yalipofungwa Machi 2020, kuna waliojiua. Serikali ya jimbo ikaruhusu walevi wauziwe pombe kwa cheti cha daktari. Madaktari wakapinga, na Aprili Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo. Nawaelewa wenzangu, maana pombe si dawa. Lakini hata serikali ile naielewa, na bado sijaamua ningesimama upande gani.

Tiba yenyewe haina maajabu: diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa taratibu, thayamini (vitamini B1) ya sindano, maji, na mtu wa kumwangalia usiku. Vitabu vinatupa alama za kukisia nani atazidiwa. Nazihesabu, ila siziamini sana. Aliyewahi kuanguka kifafa akiacha pombe namlaza, hata alama zikisema arudi nyumbani.

Kwa hiyo fungueni huo mlango. Kama hospitali ni mbali na ameanza kutetemeka, afadhali anywe kidogo njiani kuliko kukatishwa kabisa. Mtanilaumu, lakini nitalirudia hata mbele ya mchungaji wenu. Mleteni hospitali ya Maweni hapa Kigoma au kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na mtu anayejua alikunywa nini na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Hilo ndilo swali langu la kwanza.