Kuhamia Dodoma dakika 20, kurudi Dar siku mbili

Kaa na watu wa IT wakianza kujisifia mambo ya DR (disaster recovery, yaani kurudisha huduma mitambo ikipata balaa), utasikia tu sisi tunahama site ndani ya dakika kadhaa, mtambo ukizima huku unawaka kule, mtumiaji hata hajui. Hakuna anayekwambia alirudi kwa muda gani. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka yaliponikuta. Kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma, basi leo nawapigia hiyo ngoma ya kushuka.

Mpangilio wetu ni wa kawaida kabisa, storeji kuu (mtambo wa kuhifadhi data) ipo Dar, nyingine ya akiba ipo Dodoma, zote zinatumia ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, data terabaiti 6 hivi na katikati laini ya Mbps 100. Kila dakika 15 Dar inapiga snapshoti, yaani picha ya data ilivyo wakati huo, halafu amri ya zfs send inatuma mabadiliko tu tangu snapshoti iliyopita, Dodoma inapokea. Tulifikiria kupeleka kopi kwenye klaudi ya nje ila Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilivyokatika baharini intaneti ikawa ya kusuasua, bosi mwenyewe akasema data ibaki nchini, sikubishana.

Kuna wanaouliza kwa nini tusifanye sinki, yaani kinachoandikwa Dar kisubiri Dodoma ijibu nimepata, ndio mtumiaji aambiwe tayari. Piga hesabu. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, Dar Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450, kwenda na kurudi 900, hapo umeshakula milisekunde 4.5 na bado hujaweka ruta wala foleni ya laini. Kwa anayefungua faili la Word si kitu, ila kwa database inayoandika vitu vidogo vidogo kimoja baada ya kingine ni sawa na muuza duka ambaye kila akipokea mia mbili lazima ampigie tajiri simu kwanza. Na laini ikikatika ama Dar nzima inasimama ama inaendelea peke yake na hiyo sinki yenu imeshakufa. Kwa hiyo tukaenda asinki, Dar haisubiri jibu la Dodoma, bosi akasaini kwamba balaa likitokea tunaweza kupoteza hadi nusu saa ya kazi, hiyo ndio RPO, na kurudi hewani isizidi saa moja, hiyo RTO. Kumbuka aliyesaini ni bosi, sio mimi. Usikubali kuandika hiyo namba peke yako.

Sasa siku ya siku umeme ukakata usiku, jenereta likawaka vizuri tu, seva zikaendelea. AC haikurudi. Ilikuwa split ya kawaida, hizi za nyumbani, umeme ukikata na kurudi inabaki imelala mpaka mtu abonyeze rimoti, na rimoti ilikuwa kwenye droo ya mhasibu. Kufika saa kumi na moja alfajiri chumba ni tanuri, storeji ikajizima yenyewe, diski mbili hazikuamka na kontrola, kifaa kinachoziendesha diski, imekufa. Mpangilio wetu wa diski, RAIDZ2, unavumilia diski mbili kufa kwa hiyo data ipo, ila kontrola ya kuagiza ni siku tatu.

Kabla ya kugusa chochote Dodoma nilimpigia fundi aliyekuwepo site, nikamwambia kaka chomoa waya zote mbili za network za storeji, zile za bluu, nipigie picha nione. Akaniuliza si imeshakufa hii? Ndio, imekufa sasa hivi, lakini mtu akija kuiwasha saa mbili asubuhi ikaamka na kuanza kupokea kazi wakati Dodoma nayo inapokea, una storeji mbili kila moja inajiona ndio mkubwa wa nyumba. GitHub yaliwakuta Oktoba 21, 2018. Mawasiliano na data senta yao kuu ya pwani ya mashariki Marekani yalikatika sekunde 43 tu, mfumo ukaamua wenyewe kuhamishia database pwani ya magharibi, mashariki kukawa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayajafika magharibi na magharibi nako wameshaanza kuandika yao. Klasta moja tu (kundi moja la seva za database) ilikuwa na maandishi 954 ya kuyachambua. Sekunde 43 zikazaa saa 24 na dakika 11 za huduma kuyumba. Ndio maana kwetu feilova, huko kuhamia site ya pili, haijiendeshi yenyewe, anaamua mtu na mtu huyo anataka picha ya waya umechomolewa.

Baada ya picha kazi ikawa nyepesi, nikatoa readonly (kufuli la kusoma tu bila kuandika) upande wa Dodoma, nikafungua sheya za mafaili, nikabadili DNS, kitabu cha majina kinachoelekeza kompyuta za watu kwenye seva, ambayo TTL yake (muda wa kukumbuka anwani ya zamani) ilikuwa sekunde 300, dakika 20 watu wameingia, isipokuwa programu moja ya stoo ambayo mtu aliandika IP (anwani ya namba) ya Dar moja kwa moja kwenye konfigi, sitaki hata kuizungumzia. (Hiyo readonly usiidharau. Nakala ikiwa wazi, mtu akichungulia tu folda ZFS inaweza kuandika muda wa kusoma faili, na hapo hapo snapshoti inayofuata inakataliwa, inakwambia destination has been modified, utakesha.) Bosi akanipigia, hongera bwana, nikavimba kichwa siku tatu nzima.

Kontrola ikafika, tukafunga, Dar ikaamka. Nikasema sasa nageuza tu mshale, Dodoma itume mabadiliko ya siku tatu kwenda Dar. Ikanijibu snapshoti ya kuanzia haipo.

Ili ZFS itume mabadiliko tu lazima pande zote mbili zikubaliane tulipoachana ni wapi, yaani snapshoti moja ileile ipo huku na huku. Dar ilikuwa nayo, imezimwa siku tatu nani ataifuta. Dodoma kuna skripti ya usafi, nimeiandika mwenyewe, inafuta kila snapshoti iliyozidi saa 48. Imefanya kazi yake vizuri sana. Njia iliyobaki ni kutuma terabaiti 6 upya, na terabaiti moja kwenye Mbps 100 ni saa 22, kwa hiyo siku tano na nusu na laini isifanye kitu kingine.

Nikamwambia bosi naomba diski mbili za nje na tiketi ya SGR. Alidhani natania. Usiku tukamwaga data kwenye diski, kwa megabaiti 150 kwa sekunde ilichukua kama saa 11, zimefungwa kwa enkripsheni maana begi linaweza kuibiwa, asubuhi kijana wetu wa Dodoma akapanda treni na begi kalipakata mapajani kama mtoto mchanga, mchana yupo Dar. Saa 11 nyingine kuzipandisha. Muda wote huo watu wanaendelea kufanya kazi Dodoma, kwa hiyo data ilipokaa Dar nikatuma kilichobadilika tangu diski ziondoke, gigabaiti 40, karibu saa nzima. Wakati hiyo inaenda zimeongezeka nyingine 3, nikatuma, zikaongezeka megabaiti mia mbili na kitu. Kila raundi inakuwa fupi kuliko iliyopita, ikishafika dakika moja ndio unawasimamisha watu, unatuma ya mwisho, unageuza DNS. Watumiaji walisimama dakika nne tu, saa sita usiku.

Kuna kitu nusura nikisahau. Dar ilipozima kulikuwa na kazi ya dakika 11 ambayo haijawahi kufika Dodoma. Kama ile njia ya kugeuza mshale ingekubali ningepiga amri ya kupokea, zfs receive, na -F, na hiyo F inarudisha Dar nyuma mpaka snapshoti ya mwisho bila kukuuliza, zile dakika 11 zingepotea na mimi ndiye ningekuwa nimezifuta kwa mkono wangu. Kwa sababu nilipokea kila kitu upya kwenye dataset mpya, yaani sehemu nyingine ya storeji, pembeni (nafasi ilikuwepo, bahati), ya zamani ikabaki nzima. Nikaipiga snapshoti, zfs diff ikanitolea orodha ya vilivyobadilika, mafaili 37, mengi ya taka za Excel, ila sita yalikuwa ya kweli na moja lilikuwa mishahara. Dada wa mishahara hakuwahi kujua.

Sasa hivi tukihama amri ya kwanza kabisa Dodoma, kabla hata ya kutoa readonly, ni zfs hold, yaani kuifunga isifutike, kwenye ile snapshoti ya mwisho tuliyokubaliana, skripti ya usafi ikija inagonga mwamba. Na mazoezi yetu ya DR tunakaa Dodoma siku nne makusudi, zamani tulikuwa tunahama Jumamosi asubuhi tunarudi jioni, ndio maana hili tatizo halikuwahi kuonekana.

Ila hold nayo ina yake. Mazoezi ya kwanza nilirudi Dar nikasahau kupiga zfs release ya kuifungua, snapshoti ikang'ang'ania data ya zamani wiki kadhaa, nikaja kushtuka storeji ya Dodoma imejaa asilimia 91 na skripti ya usafi inalalamika kila usiku kwenye logi ambayo hakuna mtu anaisoma.