Je, wajua? Kisumu, pimamaji ya fundi ni kifaa cha kupigia picha nebula

Makasha ya darubini za bei nafuu hupenda kubandikwa namba kubwa: hukuza mara 500 na zaidi! Anayeanza kupiga picha za nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na galaksi (makundi makubwa ya nyota) huikimbilia namba hiyo, akiamini vitu hivyo havionekani kwa sababu ni vidogo mno.

Sivyo. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka-nuru milioni 2.5 hivi, imetanda angani kwa upana wa takriban miezi mipevu sita iliyopangwa mstari. Hata Nebula ya Jabari (Orion), kusini kidogo mwa zile nyota tatu za mstari mmoja, inaushinda mwezi kwa upana. Tatizo la vitu hivi ni uhafifu. Ukikuza kitu hafifu, unautandaza mwanga ule ule haba juu ya eneo kubwa zaidi, nacho kinazidi kufifia. Tena darubini kali haiwezi kuipata Andromeda nzima. Itakupa kipande cha katikati na ukungu. Lenzi ya kamera ya milimita 135 au 200, hata ya mtumba, inaifaa kazi hii kuliko darubini nyingi za wanaoanza.

Kinachohitajika ni muda wa kukusanya mwanga, na hapo dunia inaingilia kati. Inavyojizungusha, nyota husogea nyuzi 15 kwa saa. Kwa lenzi ya milimita 200 na kamera yenye pikseli za maikromita 4, nyota inavuka karibu pikseli nne kila sekunde. Waweza kupiga picha fupi nyingi na kuzijumlisha kwa programu ya bure kama Siril, lakini bila kitu cha kuifuata anga utachoka mapema. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye stendi yenye mota, inayozunguka mara moja kwa saa 23 na dakika 56.

Izunguke kwa mhimili upi? Fikiria baiskeli iliyopinduliwa ili fundi azibe pancha. Gurudumu linazunguka, ekseli haiendi popote. Anga la Kisumu ni gurudumu hilo: ekseli imelala sambamba na ardhi, ncha moja kaskazini, nyingine kusini, na nyota za mashariki hupanda wima. Uingereza ekseli hiyo hiyo imeinuka nyuzi 50 na ushei. Mhimili wa stendi lazima uwe sambamba nayo.

Miongozo mingi humwambia msomaji ailenge Nyota ya Kaskazini, iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya ekseli hiyo. Kisumu iko nyuzi 0.1 tu kusini mwa ikweta, Nakuru 0.3, nyota hiyo inaambaa upeo wa macho, na upande wa Kisumu vilima vya Riat vinamalizia kuificha. Basi laza mhimili kwa pimamaji, uelekeze kaskazini kwa dira, kisha itazame nyota iliyo karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa chako. Ikihama taratibu kuelekea kaskazini au kusini, geuza stendi kidogo kushoto au kulia hadi itulie. Kabla ya kulipa, uliza kama kipimo cha mwinuko wa mhimili wa stendi kinashuka hadi nyuzi 0. Baadhi hazifiki, na nyingine, mhimili ukilala, mkono wa uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi.

Kuna kioja kinachowafaa wenye mfuko mdogo. Stendi rahisi, ile ya juu-chini na kushoto-kulia, kwa kawaida huifanya picha izunguke ndani ya fremu. Kwenye ikweta, kitu kinachochomoza mashariki barabara hupanda wima, kwa hiyo stendi hiyo inapanda nacho tu na picha haizunguki. Nebula ya Jabari iko karibu sana na njia hiyo. Ila ikikaribia utosi mambo hugeuka: stendi inalazimika kujipindua na picha inazunguka kwa kasi. Katikati ya Januari, anza giza likishaingia, umalize kabla ya saa tatu na nusu usiku hivi.