Boksi la vitambaa la kila mwezi: angalia kwanza kisichokuwemo

Watu wanaoshona kwilti, yaani blanketi la vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, na wanapokea boksi la vitambaa kila mwezi huwa wananiuliza swali lilelile, hivi vitambaa nivitengenezee nini? Mimi nawarudisha nyuma kidogo. Usianze na "nini", vitandaze vyote mezani uone ni kitu gani hakimo. Boksi linapangwa na mtu ambaye kazi yake ni kukufurahisha ukilifungua tu, kwa hiyo anaweka vitambaa vinavyoongea: maua makubwa, ndege, mistari iliyochangamka, rangi zilizokolea, na kila kimoja ukikishika peke yake ni kizuri kweli kweli. Shida inakuja ukivishona pamoja maana vyote vinaongea kwa wakati mmoja na jicho linakosa pa kupumzika.

Kwa hiyo kudisaini kwilti kutoka kwenye boksi, kwangu mimi, sehemu kubwa ni kutafuta vitambaa vya kimya vya kuweka katikati ya vile vyenye kelele. Kitambaa cha kimya ni kile cha rangi moja tupu, au chenye vidoti vidogo sana ambavyo ukirudi nyuma kidogo huvioni tena, unaona rangi moja tu. Hivi ni nadra kuletwa kwenye boksi, na ukiletewa utavikuta chini kabisa na hutavijali. Vijali sana hivyo.

Kuna kipimo ninachokitumia kila mwezi bila kuruka. Panga vitambaa kwa safu, vipige picha na simu alafu igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa, ule wekundu na ule ukijani uliodhani vinapigana, kwenye picha vyote vinatoka kijivu kilekile, na hiyo maana yake ni kwamba ukivishona kuwa nyota hiyo nyota haitaonekana, pembe zake zitamezwa. Kinachochora umbo kwenye kwilti ni tofauti ya mwanga na giza, rangi inakuja baadaye kuleta raha. Boksi nyingi zinajaa vitambaa vya katikati, sio vyeupe sana wala sio vya giza sana, ndo maana unaweza kuwa na vitambaa vya miezi mitatu na bado ukaona hakuna kinachokaa vizuri na kingine. Hapo vitambaa havina kosa, umekosa ncha mbili tu.

Hili la kushonea kile ulicholetewa halijaanza na sisi. Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, kina mama weusi walishona kwilti vizazi na vizazi kwa nguo kuukuu za kazini na chochote kilichopatikana, na leo kwilti zao zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya sanaa. Mwaka 1972 ushirika wao wa Freedom Quilting Bee ulipata kazi ya kuishonea Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, foronya za kodrai, kile kitambaa kizito chenye michirizi iliyoinuka, na mabaki ya ile kodrai yakaishia kwenye kwilti zao. Ukiziangalia utaona kitu nachokisema hapa: vitambaa ni vya aina moja, rangi ni chache, karibu vyote ni vitupu bila maua, lakini giza na mwanga vimepangwa kwa ujasiri mpaka vipande vyenyewe vinaonekana kama vinatembea. Hawakuhitaji aina nyingi. Na sisi tunaoletewa aina nyingi kila mwezi inabidi tuzipunguze makali kwa makusudi.

Njia yangu ya kupunguza makali ni kitambaa kimoja cha nyuma (sio cha mgongo wa kwilti, ni kile kinachozunguka maumbo upande wa mbele), cha rangi moja, ambacho kitakaa na boksi zote kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Kinunue chote kwa mara moja kama unaweza, kwa sababu kitambaa kilekile kikitiwa rangi kwa awamu nyingine kinaweza kutofautiana kidogo na cha mwanzo, na kwenye eneo pana jicho linaiona hiyo tofauti. Mimi napenda nyeupe iliyoelekea unjano kidogo au kijivu chepesi. Nyeusi nayo inafanya kazi nzuri ila inataka boksi lenye rangi za kung'aa, la sivyo kila kitu kinazama.

Sasa tuje kwenye hesabu, hapa ndo pana utamu. Boksi mwezi huu linakuletea robo pana, yaani nusu yadi iliyogawanywa katikati, inchi 18 kwa 22, mwezi ujao miraba ya inchi 5, mwezi mwingine inchi 10, mwingine linaleta rola ya vipande virefu vya upana wa inchi 2 na nusu. Ukidisaini kila boksi kivyake utakuwa na viporo ambavyo havikutani kamwe. Chagua kipimo kimoja ambacho vyote vinaweza kufika. Kipimo changu ni mraba wa inchi 4 na nusu kabla ya kushonwa, ambao ukishaingia kwenye kwilti unabaki inchi 4 kamili, maana mshono unakula robo inchi kila upande.

Kwa nini hicho? Chukua miraba minne ya inchi 2 na nusu kutoka kwenye rola, ishone miwili miwili, unapata inchi 4 na nusu. Chukua mraba wa inchi 5 wa boksi na mwingine wa kitambaa cha nyuma, viweke uso kwa uso, chora mstari kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, alafu kata juu ya mstari wenyewe. Unapata miraba miwili yenye pembetatu mbili kila mmoja, inatoka kama inchi 4 na 5/8, unaipunguza mpaka 4 na nusu na inakuwa imenyooka safi. Mraba wa inchi 10 unakupa mine ya inchi 5 bila kubakiza kitu. Na ile robo pana inakupa mitatu kwa upande mmoja na mine kwa upande wa pili, jumla 12, na kinabaki kipande kirefu cha inchi 3, usikitupe nitakirudia.

Chukulia boksi lina robo pana 6. Hapo una miraba 72. Iunganishe na 72 ya kitambaa cha nyuma upate miraba 144 yenye pembetatu, na ukipanga mine mine una bloku, yaani miraba mikubwa inayounda kwilti, 36 za inchi 8. Sita kwa sita, kwilti ya inchi 48 kwa 48 kutoka boksi moja tu! Kitambaa cha nyuma unahitaji yadi 1 na robo kwa hesabu ya barabara, kwa sababu upana wake ukitoa kingo unabaki kama inchi 42, inaingia miraba 8 kwa mstari, mistari 9, inchi 45. Lakini nunua yadi 1 na nusu, mkasi hauna huruma. Na ukiwa unapiga pasi, bonyeza na kuinua, usiiburute, maana ule mshono wa kona hadi kona unakata nyuzi kwa mshazari na kitambaa kinavutika kirahisi sana hapo.

Maua makubwa yanataka uangalizi wa peke yake. Chukua kadibodi, kata dirisha la inchi 4 kwa 4 katikati, litembeze juu ya kitambaa. Kile unachokiona ndani ya dirisha ndo kitakachobaki kwenye kwilti, na mara nyingi ni kipande cha jani na nusu ya petali ambavyo havieleweki. Kama dirisha halikupi kitu cha maana popote, hicho kitambaa usikikate vipande vidogo, kiweke kwa ajili ya bloku kubwa ya katikati au kwa ajili ya mgongo wa kwilti, huko kitaonekana kizima.

Kuhusu kufua kabla ya kushona sina mengi, fua vyote au usifue hata kimoja, kwa sababu pamba inasinyaa na ukichanganya kilichofuliwa na kisichofuliwa vitavutana ukifua kwilti. Nyekundu zilizoiva na bluu za giza zijaribu kwanza na kitambaa cheupe kilicholowa, zisije zikachuja.

Kama unashona miezi kadhaa kuwa kwilti moja kubwa basi kamilisha bloku kila mwezi lakini usiziunganishe. Zibandike kwenye shuka ukutani zikusubiri. Kuna rangi itakuja mara moja tu, mfano njano ya haradali mwezi wa pili alafu haionekani tena, na ukiwa umeshaunganisha safu itakaa kona moja kama doa. Zikiwa bado ukutani unazigawa sehemu tatu zisizo kwenye mstari mmoja na jicho linazunguka kwilti nzima kuzitafuta.

Na vile vipande vya inchi 3 vilivyobaki kwenye robo pana, vipunguze viwe inchi 2 na nusu, hivyo ndo pindo lako la pembeni. Kwilti ya inchi 48 ina mzunguko wa inchi 192, ukiongeza za kona na za kufungia unafika kama 202, na kila kipande baada ya kuunganishwa kwa mshazari kinakupa inchi 19 na nusu hivi, kwa hiyo unataka vipande 11. Boksi moja linatoa 6. Vingine 5 vitoe kwenye boksi la mwezi uliopita, na uanze na vile vya giza, maana ukingo ndo unaoshikwa kila siku na vya mwanga vinachafuka haraka.